Mwaka Nilipoota Ndevu

Kama wewe ni mwanamke na siku hizi unajitazama kwenye kioo ukajiuliza huyu ni nani, haya nayaandika kwa ajili yako. Mimi si mganga, wala sitajaribu kueleza wanayoyajua waganga. Nitasema yaliyonipata mimi, Mwajuma, nilipokuwa kijana nikikaa Manundu, Korogwe. Waingereza walikuwa bado wanatawala, ingawa habari za uhuru zilikuwa zimekwisha kuanza kusemwa sokoni. Na nitasema habari za mama mkwe wangu, Bibi Mwantumu, maana bila yeye ningekuwa nimezikwa zamani na nyasi zimeota juu yangu.

Baba yangu alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, akabaki, nami nikazaliwa kambini. Nilisoma mpaka darasa la nne. Kisha nikaolewa na Athumani, Mzigua wa upande wa Handeni, fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja. Tulipendana, nasema kweli. Jioni akifunga kazi tulikuwa tukitembea pamoja mpaka Korogwe ya Zamani, karibu na mto, kununua samaki, na njiani alikuwa akinisimulia watu aliowashonea siku ile, nani mnene anayetaka nguo ya kubana, nani anayelia bei.

Mwaka wa pili wa ndoa siku zangu zilikatika. Tulifurahi sana. Athumani akapeleka habari kwao Handeni, na mama yake akatuma mkungu wa ndizi na kuku. Tumbo likakua kweli. Lakini miezi ikapita, mahindi ya masika yakavunwa, vuli ikaingia, na hakuna mtoto aliyecheza humo ndani. Mkunga wa mtaani akanipapasa, akaniambia, "Mwanangu, humu hamna kitu."

Aliyeona mwili wangu unakwenda kombo kabla ya watu wote ni Athumani, kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa akinishonea gauni la Idi. Akanizungushia utepe kiunoni, akaupitisha mkononi, kisha akarudia tena kiunoni kama mtu aliyekosea.

"Kiuno kimeongezeka, mikono imepungua," alisema. "Nimepima watu wengi, sijaona mtu akanenepa namna hii."

Ilikuwa hivyohivyo. Miguu na mikono ilikuwa ikikonda, tumbo na mabega yanajaa. Nyuma ya shingo kukaota nundu ya nyama. Uso ukawa wa duara, mashavu yamevimba hata macho yakawa madogo, na chunusi zikatapakaa kama za mvulana anayebalehe. Tumboni na mapajani ngozi ikachanika kwa ndani, mistari mipana ya rangi ya zambarau zilizoiva. Nikijigonga kidogo tu kwenye kitanda, palivia damu. Kitu kilichonitisha zaidi ni nguvu. Nilikuwa mtoto wa kambini, nimebeba maji na kuni tangu utoto, na sasa nikichutama jikoni kupuliza moto sikuweza kuinuka mpaka nishike ukuta.

Halafu zikaja ndevu. Kwanza zilikuwa nywele chache chini ya kidevu, nikazing'oa. Zikarudi nyingi, na nyingine juu ya mdomo. Sauti yangu ikawa nzito. Nywele za kichwani, ambazo ndizo nilizozitaka, zikawa zinapukutika. Siku moja bombani mtoto mdogo alimshika mama yake khanga, akaniangalia kwa muda, akauliza, "Mama, huyu ni baba?" Hakuuliza kwa ubaya. Wanawake wote wakatazama ndoo zao. Tangu siku hiyo nikawa nakwenda kuteka maji jua likiwa kali, wenzangu wakiwa wamelala, na nikijifunika khanga mpaka puani.

Mambo mengi yalisemwa. Wengine walisema nimelogwa. Wengine walisema nilikunywa dawa ya kuzuia uzazi nikiwa kambini na sasa imenigeukia. Nilikwenda kwa mganga, akanichanja chale kifuani na mgongoni, na chale zile zikakaa mwezi mzima bila kufunga, zinatoka maji. Zahanati moja waliniambia nipunguze kula. Nilipunguza mpaka nikawa naanguka kwa kizunguzungu, na tumbo halikupungua hata kidogo.

Mwenye ugonjwa huu anapaswa kujua kwamba hauharibu sura peke yake, unaingia kichwani pia. Nilikuwa silali. Nilikuwa nalia bila sababu, na saa ileile nawaka hasira. Nilimtupia Athumani sufuria ya mboga kwa sababu alisema chumvi imezidi. Alikuwa mpole, lakini na yeye ni binadamu. Akaanza kulala dukani, akisema kazi ni nyingi. Nilijua kazi si nyingi.

Ndipo baba yake mdogo alipokuja kutoka Handeni, na Bibi Mwantumu pamoja naye. Nilijua wanalolijia. Waliteremka kwenye lori mchana, nikawakaribisha, nikapiga magoti kwa shida.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," alisema Bibi Mwantumu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mfinyanzi wa vyungu, mikono yake mikavu kama magome. Tangu harusi nilikuwa nimemwona mara chache, nami nilikuwa nikimwogopa. Alinitazama tangu kichwani mpaka miguuni.

Baada ya chakula yule mzee alianza. Alisema kwa adabu, sitamsingizia. Alisema ukoo unataka watoto, alisema mimi sina kosa lakini mwenye ndoa ni kijana bado, na kwetu kambini si mbali, ningeweza kurudi nikatunzwa na wazazi. Athumani alikuwa ameinamisha kichwa. Nami nilikuwa nikitazama mkeka, nikingoja neno litoke tu liishe.

Bibi Mwantumu akasema, "Shemeji, ngoja kwanza. Nataka kumwogesha mkamwana wangu."

Akachemsha maji mwenyewe. Nyuma ya kiambaza cha uani nikavua khanga, na aibu niliyoona siwezi kuieleza. Alinimwagia maji polepole. Aliigusa ile mistari ya zambarau, akaigusa nundu, akanishika mkono pale juu, ambapo nyama ilikuwa imekwisha. Chale zilizokataa kupona alizioshea maji ya chumvi. Kisha akanishika kidevu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Unaumwa?" aliuliza.

"Siumwi mahali, mama. Nimebadilika tu."

"Mtu habadiliki hivi kwa kupenda. Unaumwa wewe."

Akanifuta, akanifunga khanga yake mwenyewe iliyokuwa kavu, tukarudi barazani. Akamwambia shemeji yake, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "Huyu ni mgonjwa. Akipona, tutazungumza habari za watoto. Asipopona, nitamzika mimi, kwetu, si kwao. Wewe rudi na lori la kesho, mimi nabaki." Halafu akamgeukia mwanawe. "Na wewe Athumani, godoro lako ulilopeleka dukani lirudi leo."

Lilirudi.

Asubuhi yake aliniita uani, akanikalisha kwenye kinu kilicholazwa, akatoa wembe mpya aliokuwa amemtuma Athumani kununua. Akanipaka povu la sabuni, akaninyoa ndevu. Alininyoa kama vile anasuka nywele, huku akizungumza mambo ya Handeni, mvua imechelewa, nguruwe wameingia kwenye mihogo ya fulani. Alipomaliza akanifuta na pindo la khanga. Kila baada ya siku chache alifanya hivyo, na hata siku moja hakutaja neno ndevu. Jirani mmoja alichungulia akatuona. Bibi Mwantumu akamsalimia vizuri, akaendelea na kazi yake. Nadhani ule uchunguliaji ndio uliokata masengenyo, kwa sababu ni vigumu kumcheka mtu ambaye mama mkwe wake anamshughulikia mchana kweupe.

Wiki hiyohiyo tulikwenda hospitali ya misheni. Bibi Mwantumu alikuwa amesikia habari za daktari mwanamke wa Kizungu, watu wakimwita Bibi Daktari, anayesikiliza wanawake. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Pembeni yetu palikuwa na mama wa Kishambaa kutoka Mkumbara na mtoto mwenye degedege, na mkata mkonge aliyepofuka jicho kwa mwiba. Kwenye benchi la hospitali watu wanatazamana sana kwa sababu hawana kingine cha kutazama. Mimi nilijifunika. Bibi Mwantumu akaivuta khanga ikashuka mabegani. "Umekuja kuonwa," alisema. "Sasa unajificha nini?"

Bibi Daktari alikuwa na Kiswahili cha kuvunjikavunjika lakini alikuwa na subira. Aliniangalia muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyenitibu. Alinitazama mgongo, tumbo, akanitaka nichutame na niinuke, nikashindwa, akanishika mkono. Akamwuliza Bibi Mwantumu, "Zamani alikuwa hivi?"

"Hakuwa hivi," alijibu mama mkwe. "Siku ya harusi nilimlaumu mwanangu kwamba ameniletea mtoto mwembamba ambaye hataweza kutwanga. Shingo yake ilikuwa kama ya twiga."

Bibi Daktari akacheka. Kisha akaeleza. Alisema juu ya kila figo kuna tezi ndogo kama kofia, na tezi hiyo hutia maji yake katika damu kidogokidogo, na mwili hauwezi kuishi bila hayo. Lakini yakimwagika mno, uso unajaa, mifupa inachoka, damu ya mwezi inakatika, na mwanamke anaweza kuota ndevu. Alidhani tezi yangu moja imeota uvimbe. Nilimwuliza kama nimelogwa. Alisema hajui mambo hayo, lakini uvimbe unaweza kukatwa.

Hapo nikalia, mara hii kwa furaha. Nilikuwa bado sijapona hata kidogo, ila jambo langu lilikuwa limepata jina na mahali pa kukaa. Wewe unayesoma, kama umehangaika muda mrefu, utanielewa.

Nilipewa chupa kubwa, nikaambiwa nikusanye humo mkojo wote wa kutwa na usiku kucha, upelekwe kupimwa mbali. Athumani ndiye aliyeibeba kuipeleka hospitali, imefungwa kitambaa cha kaki alichokishona kama mfuko ili watu wasijue. Njiani watu walimwuliza amebeba nini, akasema mafuta ya taa. Alipotusimulia, Bibi Mwantumu alicheka mpaka akajishika mbavu, na mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kuwa na kicheko tangu Idi.

Majibu yaliporudi, Bibi Daktari alinituma Tanga kwa daktari wa kupasua. Tulikwenda kwa treni, mimi na Bibi Mwantumu, ambaye hakuwahi kupanda treni maisha yake. Alishika ubao wa kiti kwa mikono miwili mpaka tukafika, na kila treni ilipopiga honi alisoma dua. Lakini hakusema turudi.

Tanga tulikaa tangu mwisho wa kiangazi mpaka mvua za vuli zilipokuwa zimekolea. Walinipiga picha za ndani, walinidunga sindano, walinipima sukari maana nayo ilikuwa imepanda. Bibi Mwantumu alilala kwenye banda la nyuma pamoja na jamaa za wagonjwa wengine. Kulikuwa na Wadigo, Wabondei, Wamakonde, na hakumjua hata mmoja. Nilipouliza anakula nini, alisema anakula. Baadaye nilisikia kwa mwanamke mwingine kwamba alikuwa akiwatwangia watu mahindi yao, naye anapewa unga, na kwamba wale ambao jamaa zao walifariki wodini walikuwa wakimtafuta yeye awashike mkono. Kila asubuhi alikuja dirishani na uji kwenye kopo, amejitanda khanga safi, kama mtu aliyetoka nyumbani kwake.

Siku ya kupasuliwa daktari alituambia kweli: wapo wasioamka. Ngozi yangu ilikuwa haiponi vizuri na moyo ulikuwa umechoka. Bibi Mwantumu akamwuliza, "Na asipopasuliwa?" Daktari akatikisa kichwa. "Basi pasua," alisema mama mkwe. Kisha akaniambia sikioni, "Mimi nitakuwa pale nje kwenye ngazi. Ukiamka ulizia ngazini."

Niliamka. Ubavu wangu wa kushoto ulikuwa kama umewekwa kaa la moto. Sikuweza kusema, nikaonyesha mlango kwa kidole, na sista akaelewa, akaenda kumwita.

Kupona kwenyewe kulikuwa kugumu, nami sitaki udanganyike. Tezi iliyobaki ilikuwa imelala kwa sababu mwenzake alikuwa akifanya kazi ya wawili, kwa hiyo nikapewa vidonge vya kotisoni, dawa inayoshika nafasi ya maji ya tezi, niishi navyo mpaka iamke. Nilikuwa dhaifu kuliko nilipokuwa mgonjwa. Viungo viliniuma kama nimepigwa. Nilitamani chumvi hata nikawa nairamba kiganjani. Ngozi ya uso na mikono ilibambuka kama ya kitunguu. Lakini uso ulikuwa unashuka. Athumani alipokuja Tanga kunichukua alisimama mlangoni mwa wodi akiangalia vitanda, akanipita, akarudi. "Shingo imerudi," alisema, akakaa kitandani akafunika macho yake.

Tulipopita kwa Bibi Daktari, mama mkwe aliomba nikapone kwake Handeni, kwa kuwa Manundu kulikuwa na macho mengi. Akakubali, kwa sharti moja ambalo alilirudia mpaka tukalijua kama sala: nisiache vidonge hata siku moja, na nikitapika visikae tumboni, tusingoje, nikimbizwe kudungwa sindano ya dawa hiyohiyo. Akaipeleka hospitali ya Handeni iwe inatungoja.

Masika ikanikuta huko. Na malaria ikanikuta. Nilitapika uji, nikatapika vidonge, na kufika alasiri nilikuwa naona watu kama wapo nyuma ya moshi. Mikono ilikuwa baridi. Nilimsikia mtu akisema ni homa tu, alale, kesho atakuwa mzima. Njia ilikuwa tope, lori haliwezi kufika kijijini.

"Halali mtu hapa," alisema Bibi Mwantumu. Akatoka akaita wanaume waliokuwa wakijikinga mvua, wapwa zake na majirani. Wa kwanza kushika mguu wa kitanda alikuwa yule baba mdogo aliyetaka nirudishwe kwetu. Wakanibeba na kitanda chenyewe cha kamba mpaka barabarani, mvua inanyesha, na Bibi Mwantumu anatembea pembeni ameshika ungo juu ya uso wangu nisilowe. Nilimwona akiteleza mara mbili au tatu, na kila mara ungo ulibaki juu. Barabarani lori la mahindi likatuchukua.

Hospitalini alimwambia dresa, msaidizi wa daktari, "Huyu ndiye yule wa Bibi Daktari. Vidonge havikai." Dresa hakuuliza la pili, akaleta sindano. Kabla ya magharibi nilikuwa nimekaa, naomba maji ya kunywa. Yule baba mdogo alikuwa mlangoni, kanzu imejaa tope mpaka magotini. Akasema, "Mwanangu, umetutembeza." Nikamwambia, "Ahsante baba." Mambo ya nyuma yaliishia hapo.

Vidonge vilipunguzwa kidogo kidogo, kiangazi kizima na vuli iliyofuata, mpaka Bibi Daktari akasema tezi yangu imeamka na vidonge basi. Ndevu zilikwisha pungua, zikabaki vinyweleo. Nywele za kichwani ziliota fupi na laini kama za mtoto. Mistari ya tumbo ilipauka lakini haikufutika, ninayo hata leo. Sauti haikurudi yote. Nikiimba harusini naimba na wanawake wazee, wala sioni vibaya. Wewe pia huenda vingine vitarudi na vingine visirudi. Usikubali mtu akuambie ni unene, au ni laana, au ni tabia yako mbaya. Nenda ukaonwe, na jifunue uso ukiwa kwenye benchi. Na kama huna mtu wa kwenda naye, mwombe hata yule unayemwogopa. Mimi niliyekuwa nikimwogopa ndiye aliyenishika.

Masika ya pili nilikuwa bado Handeni, Athumani akija na kurudi. Nilikuwa na nguvu za kushika jembe. Asubuhi moja tulikuwa shambani, mimi na Bibi Mwantumu peke yetu, tunapalilia mahindi. Nilisikia maumivu ya chini ya kitovu, maumivu ambayo nilikuwa nimeyasahau. Nilikwenda pembeni kwenye mihogo nikatazama. Nikarudi, nikasimama karibu naye.

"Una nini?" aliuliza, bila kuinua kichwa.

"Mama, nimeingia mwezini."

Jembe lake lilisimama. Aliliweka chini taratibu, akakaa palepale kwenye tuta, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyefika kutoka safari ndefu. Tangu siku ile ya lori, katika wodi, katika mvua, sikuwa nimemwona akilia. Alilia sasa, machozi yanateremka kwenye mikunjo ya uso wake wala hayafuti, na mimi nikakaa nikaegemea bega lake. Ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye mahindi, na hatukuwafukuza.

Baadaye alijifuta na pindo la khanga, akashika jembe, akanyoosha mkono wa pili kuniinua. Nikainuka mwenyewe.

"Ala," alisema, akaangalia mkono wake ulionyooshwa bure. Kisha akaangalia shamba. "Haya basi. Twende mpaka kwenye kile kisiki, halafu tukapike."

Tukaenda mpaka kwenye kisiki, bega kwa bega, na mstari wangu wa mahindi ulimalizika kabla ya wake.